Mkubwa akianguka, mfereji unachimbwa na nani?



Tarehe 22 ya mwezi wa 9 mwaka 2025, Vital Kamerhe aliacha kiti cha mkuu wa Bunge la taifa kule Kinshasa. Wabunge 262 walikuwa wametia sahihi petisio ya kumwondoa, na wenzake wa biro nao walikuwa wanatafutwa. Hakungoja kura, alijiuzulu. Ile usiku kundi letu la WhatsApp halikulala. Wengine walifurahi, wengine walisema mtoto wa Kivu ameonewa. Kisha mdogo wetu mmoja akaandika: "Kama Kamerhe ameanguka, juu ya nini sisi tunashindwa kuangusha wakubwa wa hapa kwetu? Na sasa wako karibu!"

Ni kweli, walikuwa karibu. M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihamia Uvira. Zamani kumwona waziri wa jimbo ilikuwa kupanda milima mpaka Bukavu. Wakati ule ulikuwa unapanda pikipiki hapa Sange asubuhi, na mchana umesharudi kula bugali nyumbani.

Ule ujumbe wa mdogo wetu ulipata mikono mingi ya kupongeza. Mimi nilinyamaza. Si kwamba niko upande wa mkubwa fulani. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kusaidia kuangusha mtu, na mpaka leo ninaona haya nikikumbuka. Basi leo nataka tueleweshane: mkubwa wa serikali anaondolewa namna gani kwa sheria, na akishaondoka, ni nini kinabadilika na ni nini hakibadiliki. Ukimaliza kusoma na bado unataka kupiga kelele "aanguke!", piga. Lakini piga ukijua unaomba nini.

Nilivyouza kelele yangu

Nilikuwa G3 ya agronomia. Mbunge mmoja, sitamtaja, alitafuta wanafunzi wa kutoka Bonde la Ruzizi. Alituambia kuna mkubwa mmoja wa jimbo amekula pesa ya kazi za vijijini, na wabunge wanatayarisha mosio. Alihitaji vijana watembee barabarani na mabango ili ionekane raia wamechoka. Kila mmoja franka 5.000, pesa ya tike na ya maji.

Mimi nilikusanya vijana 23. Sikufanya kwa sababu ya zile franka tu, ninasema ukweli. Nilifanya kwa sababu ya mfereji wa kwetu. Mulio watoto wa hapa munajua: ukitoka barabara ya taifa namba 5 ukienda upande wa Ruzizi, mashamba ya mupunga yanategemea maji ya mfereji. Ule wa kwetu ulikuwa umejaa mchanga miaka mingi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumba za watu. Jua likiwaka, mupunga unakauka ukiwa unaanza kutoa masuke. Tuliahidiwa mara nyingi kwamba utachimbwa. Basi niliposikia "pesa ya kazi za vijijini", kichwa changu kilisema: njo huyu aliyekula mfereji wetu.

Wiki mbili baadaye yule mkubwa hakuwa tena kwenye kiti. Nilirudi Sange likizo nikitembea kama mshindi. Papa mmoja jirani yetu, mkulima, alinisikiliza mpaka mwisho nikijisifu. Kisha akaniuliza polepole: "Mwanangu, uyo mukubwa ameanguka, nimesikia. Sasa maji itafika lini?"

Sikuwa na jibu. Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye, wakati mwenzetu mmoja wa sheria alipata kopi ya ile mosio. Nilisoma kurasa zote. Hakukuwa na neno mfereji. Hakukuwa na neno Sange. Kulikuwa na "uongozi mbaya" na "kutoheshimu Bunge", halafu sahihi. Nilitembeza vijana 23 kwenye jua kwa karatasi ambayo sikuwa nimeisoma.

Kuna milango mine, na haifanani

Kosa letu la kwanza ni kuita kila kitu kwa jina moja. Tunasema "wamemuangusha" kana kwamba njia ni moja. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 na sheria za ndani za Bunge zina milango mbalimbali.

Mlango wa kwanza ni petisio. Huu ni wa wakubwa wa Bunge lenyewe, wale wa biro. Wabunge wanaandika malalamiko, wanatia sahihi, kisha wote wanapiga kura. Ndivyo Jeanine Mabunda alivyoondolewa tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 2020, kwa kura 281 dhidi ya 200. Ndivyo ilivyokuwa inamngoja Kamerhe mwezi wa 9 mwaka 2025.

Mlango wa pili ni mosio ya sansuri. Huu unagonga serikali nzima, pamoja na waziri mkuu. Kifungu cha 146 kinasema mosio hii inakubaliwa tu kama imetiwa sahihi na robo ya wabunge. Bunge la taifa lina viti 500, kwa hiyo robo ni sahihi 125. Ikishawekwa mezani, lazima zipite saa 48 kabla ya mjadala na kura. Ili ipite, inatakiwa zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya wale waliokuja ile siku tu. Maana yake kura 251. Ikipita, kifungu cha 147 kinasema serikali inahesabiwa kuwa imejiuzulu, na waziri mkuu anampelekea raisi barua ndani ya saa 24. Ikishindwa, wale waliotia sahihi hawawezi kuleta nyingine katika kikao kilekile.

Mlango wa tatu ni mosio ya defiansi. Huu ni wa waziri mmoja peke yake. Sahihi zinazotakiwa ni sehemu moja ya kumi, yaani 50, lakini kura za kumuangusha ni zilezile, 251.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu hapa njo kwetu. Kifungu cha 198 kinasema sheria hizi za 146 na 147 zinatumika pia kwa serikali ya jimbo. Bunge la jimbo la Kivu ya Kusini lina wabunge 48. Fanyeni hesabu: sahihi 12 zinatosha kuleta sansuri dhidi ya gavana na serikali yake, sahihi 5 zinatosha kuleta defiansi dhidi ya waziri wake, na kura 25 zinatosha kumtoa. Watu 25! Hao wanaenea ndani ya basi moja ndogo. Ukielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini magavana wa majimbo wanatikisika kila mara kuliko mawaziri wa Kinshasa. Hapa kwetu, Célestin Cibalonza aliyechaguliwa mwaka 2007 hakumaliza muda wake, na Louis-Léonce Muderhwa aliyemfuata hakumaliza wake.

Mlango wa nne ni wa haki, yaani korti. Huu ni tofauti kabisa, uko katika vifungu vya 163 mpaka 167. Raisi wa jamhuri na waziri mkuu wanahukumiwa na Korti ya Katiba, kwa makosa kama uhaini mkubwa, kudharau Bunge, au kuvunja uaminifu. Lakini ili wapelekwe huko, theluthi mbili za wabunge na maseneta wakiwa pamoja lazima wapige kura ya kukubali. Mukumbuke hapa: raisi hapigiwi mosio. Sansuri inaishia kwa waziri mkuu. Kwa raisi, mlango ni huu wa nne tu. Waziri wa kawaida anapelekwa Korti ya Kasasio baada ya Bunge la taifa kukubali.

Mwezi wa 9 mwaka 2025 ulituonyesha milango miwili ikifunguka karibu karibu. Tarehe 2, Constant Mutamba aliyekuwa waziri wa sheria alihukumiwa na Korti ya Kasasio miaka mitatu ya kazi ngumu, katika kesi ya pesa za kujenga gereza la Kisangani. Tarehe 22, Kamerhe akajiuzulu mbele ya petisio. Kwenye mitandao watu waliweka picha zao pamoja na kuandika "wote wameanguka". Hapana, wandugu. Mmoja alisimama mbele ya waamuzi, kukatajwa kosa, kukatajwa pesa, kukatolewa hukumu. Mwingine alihesabu wenzake, akaona hawamutoshi. Hukumu ni kitu kimoja, hesabu ni kitu kingine.

Kura inahesabu vidole

Hilo njo jambo ninalotaka mulikumbuke kuliko yote: mosio na petisio havipimi kosa, vinahesabu vidole. Hata kama kosa liko, linaloamua ni nani yuko na watu wengi siku ile.

Mfano mzuri ni Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Aliongoza serikali ya ubia kati ya kambi ya Joseph Kabila na ya Félix Tshisekedi. Katika uchaguzi wa 2018, kambi ya Kabila ilikuwa imepata zaidi ya viti 300 kati ya 500. Waziri mkuu mwenye ukuta kama huo, nani angemtikisa? Lakini mwezi wa 12 mwaka 2020 raisi Tshisekedi alitangaza kwamba ubia umekwisha, akaita watu kwenye umoja mpya, Union Sacrée. Wabunge wakaanza kuhama. Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2021, wabunge 367 walipiga kura ya kumuangusha Ilunkamba. Siku mbili baadaye alipeleka barua. Jiulizeni: ndani ya zile wiki chache, Ilunkamba alifanya kosa gani jipya ambalo hakuwa nalo mwezi wa 11? Wabunge walikuwa walewale, viti vilevile. Kilichobadilika ni upepo.

Au tumtazame Kamerhe mwenyewe. Hii haikuwa mara yake ya kwanza. Tarehe 25 mwezi wa 3 mwaka 2009 aliacha kiti kilekile cha mkuu wa Bunge la taifa. Wakati ule alikuwa amesema hadharani kwamba hakujulishwa kuhusu kuingia kwa jeshi la Rwanda katika Kivu mwanzoni mwa ule mwaka, na kambi yake mwenyewe ikamgeuka. Kiti kimoja, mtu mmoja, mara mbili, miaka 16 katikati. Unaweza kumpenda ama kumchukia, lakini angalia: mara zote mbili hakukuwa na mwamuzi aliyesema ana kosa ama hana. Wenye kura wengi walimtaka atoke, akatoka.

Kwenye jimbo letu kuna mfano mwingine. Mwezi wa 12 mwaka 2021, Bunge la jimbo lilipiga kura ya sansuri dhidi ya gavana Théo Ngwabidje. Vijana wengi wa Bukavu na Uvira waliandika "kwisha kazi". Kumbe haikuwa kwisha. Korti ya Katiba ilifuta ile mosio na yeye akaendelea kuongoza. Korti ile inaingilia mambo haya hasa kwa njia ya haki ya kujitetea: hata mtu unayetaka kumuangusha, lazima apewe nafasi ya kusikilizwa. Kwa hiyo wabunge wakifanya haraka haraka, wakaruka hatua, kazi yote inaweza kuanguka yenyewe. Na wakati huo wote, miezi inapita, watu wa jimbo wanangoja.

Jirani zetu wa Kenya walifanyaje?

Wengi wenu mulifuata mambo ya Rigathi Gachagua mwaka 2024, kwa sababu yalikuwa kwa Kiswahili na yalikuwa matamu kama mechi. Tuyatazame kidogo, yatatusaidia kuona kinachokosekana kwetu.

Gachagua alikuwa naibu wa raisi, alichaguliwa pamoja na William Ruto mwaka 2022. Tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka 2024, wabunge wengi sana walikubali kumshitaki, na 44 walikataa. Lakini haikuishia pale. Kabla ya kura, raia waliitwa kwenye kaunti zao kutoa mawazo. Mashitaka yaliandikwa moja moja, yalikuwa 11. Baada ya wabunge, Seneti ilikaa kama mahakama, wakili wa upande huu na wakili wa upande ule, na maseneta walipiga kura kwa kila shitaka peke yake. Tarehe 17 mwezi wa 10, walimkuta na kosa katika mashitaka 5 na wakamwachilia katika 6. Moja likitosha, mtu anaondoka. Tarehe 1 mwezi wa 11 Kithure Kindiki aliapishwa mahali pake.

Je, haikuwa siasa? Ilikuwa siasa sana. Kila Mkenya alijua Ruto na Gachagua hawaongei tena. Lakini tofauti ni hii: leo mwanafunzi wa Kenya anaweza kuchukua ile karatasi na kukuambia shitaka gani lilipita, lipi lilianguka, kwa kura ngapi. Sisi tunapiga kura moja kwa mosio nzima. Mkubwa akitoka, hatujui kama ametoka kwa sababu ya pesa, kwa sababu ya kabila, kwa sababu ya chama, ama kwa sababu alikataa kumpa mbunge fulani nafasi ya ndugu yake. Na kama hatujui ametoka juu ya nini, yule anayemfuata atajifunza nini? Atajifunza jambo moja tu: kuwashika vizuri wabunge 25.

Mihogo yenye ugonjwa

Mimi ni agronomu, muniruhusu kusema kwa lugha ya shamba.

Shamba la mihogo likipata mosaiki, majani yanajikunja, yanakuwa na madoa ya manjano, na chini mizizi inakuwa midogo kama vidole. Mkulima akikasirika atang'oa ule mti uliougua vibaya zaidi. Ni vizuri, ang'oe. Lakini mosaiki inatembea kwa njia mbili: inzi weupe, na vijiti tunavyopanda. Kama umeng'oa mti mmoja, halafu umekata kijiti kutoka mti wa pembeni katika shamba lilelile na kupanda pale pale, umefanya nini? Mwaka kesho utang'oa tena. Dawa ni kutafuta mbegu safi, na kukagua shamba mapema, wakati dalili zingali ndogo.

Katiba yenyewe imefikiri hivyo. Kabla ya mosio, kifungu cha 138 kimeweka njia za kukagua mapema: swali la mdomo ama la kuandikwa, swali la mambo ya siku, interpelasio, kamati ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya kamati za Bunge. Mosio inakuja mwisho, kama haya yameonyesha ubaya. Lakini sisi raia tunajua mosio tu, kwa sababu ndiyo yenye kelele. Nani kati yetu ameshawahi kutembea barabarani akiomba mbunge wake aandike swali? Hakuna. Swali halina muziki.

Na wakati ni pesa. Kikao cha mwezi wa 9 kule Kinshasa kinafunguliwa tarehe 15, na ndicho cha bajeti ya mwaka unaofuata. Mwaka 2025, wiki ya kwanza yote ilikuwa petisio, petisio. Bajeti ndiyo inasema barabara gani itatengenezwa na mifereji gani itafunguliwa. Sisi tulikuwa tunahesabu sahihi za Kamerhe.

Sisemi mosio ni mbaya. Bila mosio, mkubwa hatamwogopa mtu yeyote kwa miaka mitano. Kuna wakubwa wanaostahili kuondoka leo hii. Ninachosema ni kwamba mosio inatoa mtu kwenye kiti, basi. Hairudishi pesa, hiyo ni kazi ya korti. Haitengenezi barabara, hiyo ni kazi ya bajeti. Haichimbi mfereji.

Tulichofanya baadaye

Baada ya lisansi nilirudi Sange. Tulikaa vijana saba, wa agronomia, wa sheria, wa maendeleo ya vijijini, na yule papa jirani. Tulipima mfereji kwa kamba na hatua: sehemu iliyojaa mchanga ilikuwa karibu mita 1.800. Tuliandika majina ya familia zinazolima kando yake. Tukamwandikia mbunge barua ya ukurasa mmoja, tukimwomba kitu kimoja: aulize kwa maandishi, kazi hii ni ya nani na pesa yake iko wapi.

Miezi mitatu kimya. Tukaandika tena, tukaambatanisha kopi ya kwanza. Kimya. Mara ya tatu tulikwenda wenyewe, papa akiwa mbele na kofia yake ya kanisa. Mama mmoja wa kwenye ofisi akacheka: "Ninyi muko wale wa mfereji? Muketi." Mwishoni jibu lilikuja, mistari michache tu. Ilisema ile kazi si ya huduma tuliyokuwa tunaifikiria, ni ya huduma nyingine kabisa.

Nilisoma ile karatasi mara mbili. Kisha nikakumbuka yale mabango. Yule mkubwa niliyetembeza watu 23 ili aanguke, labda alikula pesa nyingine, sijui. Lakini mfereji wetu haukuwa hata mikononi mwake.

Sitawadanganya kwamba leo maji yanatiririka. Bado tunagonga ule mlango mwingine, na vita vimefanya kila kitu kuwa kigumu. Tumefanya salongo, tumefungua mita 300 kwa majembe na makoleo yetu. Familia zilizo katika zile mita 300 zimevuna. Nyingine zinangoja. Si ushindi wa kuweka kwenye bango, lakini safari hii ninajua ni mlango gani ninagonga.

Kabla hujatembea

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeandika ile usiku, na wengine wote, siku mtakapoitwa kwenda kupiga kelele juu ya mosio, ya kumuangusha mtu ama ya kumtetea, muulize haya kwanza.

Karatasi iko wapi? Kama anayekuita hana kopi ya mosio, ama hataki uisome, baki nyumbani.

Ni mlango gani? Petisio, sansuri, defiansi, ama korti? Kama kuna wizi, kwa nini hawapeleki kwenye haki pia?

Kosa limeandikwa namna gani? "Uongozi mbaya" haitoshi. Kazi gani, mahali gani, pesa ngapi, mwaka gani?

Swali liliulizwa kabla? Mbunge aliyekaa miaka miwili bila kuandika hata swali moja, halafu anaamka na mosio, anatafuta nini?

Akiondoka huyu, anaingia nani, na huyo anayeingia ametoka shamba gani?

Na la mwisho: nani amelipa tike yako?

Mimi sikuuliza hata moja. Nilipewa franka 5.000, nikala mikate na soda pamoja na wenzangu, tukaimba mpaka sauti ikakauka. Yule papa hajawahi kunilaumu. Lakini kila nikipita kwake msimu wa mupunga, ananisalimu "Agronomu, habari ya maji?", na mimi ninajua kwamba bado niko na deni lake. Karatasi ya nne tunaiandika wiki hii, kwa ile huduma yenyewe. Aliye Uvira na ana nafasi ya kutusindikiza mpaka ofisini, karibu sana.